Mjomba kanunua TV mpya, picha ikawa mbaya kuliko ya chogo

Simu ya mjomba iliingia asubuhi ya Alhamisi, Januari 18, 2024. Usiku uliotangulia Taifa Stars walikuwa wamekandikwa 3-0 na Morocco kwenye AFCON kule Ivory Coast, kwa hiyo nikajua mzee anatafuta mtu wa kumlilia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha akasema:

"Mpwa wangu, nimeibiwa mchana kweupe."

Kumbe kilio si cha Stars. Wiki ile alikuwa ameistaafisha TV yake ya chogo ya inchi 21 na kununua flati ya inchi 43, Full HD, ili mashindano yasimpite. Dukani picha ilikuwa ya kukata na shoka. "Walituwekea samaki, mpwa, naona mpaka magamba." Ameifikisha nyumbani, mechi imeanza, namba za migongoni hazisomeki, nyasi zimekuwa uji wa kijani, na wachambuzi wa studio wamenenepa kama waliovimbishwa na nyuki. Mkaza mjomba akamaliza kazi kwa sentensi moja: "Ile ya zamani ilikuwa inaonyesha vizuri zaidi."

Mimi ni fundi wa TV, kule Korogwe. Nimeanza na TV za chogo, na malalamiko haya nayasikia karibu kila mtu anapobadilisha TV. Mara nyingi huwa kuna kosa moja, nalirekebisha, nakunywa chai, naondoka. Kwa mjomba makosa yalikuwa yamepangana kama makomeo kwenye mlango mmoja: unafungua la kwanza, mlango hausogei, unadhani ufunguo ni feki. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki chote, pamoja na sehemu niliyoshindwa.

Jumamosi nikapanda basi la Tanga. Nilipofika Ngamiani, mtaani kwa mjomba, nikakuta matibabu yameshaanza bila daktari. Binamu yangu alikuwa amepanda paani Alhamisi nzima kuzungusha dishi, akalipoteza kabisa, akalirudisha kwa kubahatisha huku mdogo wake akipiga kelele dirishani "hapo hapo, simama!" Jirani ameshauri king'amuzi kibadilishwe. Duka nalo limepigiwa simu, limejibu kwamba tatizo ni mtandao wa eneo hilo. Kila mmoja alikuwa na jibu, na majibu yote yalilenga juu ya paa.

Hilo la paa nililiondoa kwanza, kwa sababu ndilo linalopoteza muda wa watu wengi. Sisi tulilelewa na analojia. Enzi hizo mawimbi yakiwa dhaifu, picha inakuwa na chenga, vivuli, michirizi. Ukisogeza antena kidogo, picha inasafishika kidogo. Tukajifunza kwamba picha mbaya maana yake antena. Lakini Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikafuata, na dijitali haina tabia hiyo. Kinachosafiri sasa ni tarakimu. King'amuzi kikizipata za kutosha, kinaijenga picha ileile iliyotoka kituoni, hata kama mawimbi yana nguvu ya wastani tu. Zikipungua mno, picha inaganda, inakatika vipande vya miraba, au inatoweka na maandishi yanakuambia hakuna mawimbi. Hakuna mahali katikati ambapo uso wa mtu unakuwa na ukungu kwa sababu dishi limeinama kidogo. Picha ya mjomba ilikuwa haigandi wala haikatiki. Ilikuwa na ukungu tu, tangu dakika ya kwanza hadi ya tisini. Dishi lilikuwa zima. Chumvi ya bahari imeshaanza kuila nati zake, ila hayo ni ya mwaka mwingine.

(Imani nyingine iliyotoka enzi zile za kuhama: kwamba king'amuzi ndiyo HD, ile picha ya nukta nyingi. Dijitali ni namna ya kusafirisha picha. Mzigo wenyewe unaweza kuwa HD au ukawa picha ya kawaida, ileile ya miaka yote, iliyofungwa kwa kifungashio kipya.)

Swali la pili: je, TV yenyewe ni nzima? Hapa sikubishana na mtu. Nilitoka nje, nikachukua video ya nusu dakika kwa simu, HD kamili, kuku wa mkaza mjomba wakidonoa chini ya mwembe. Nikaiweka kwenye flashi, nikaichomeka ubavuni mwa TV. Chumba kikanyamaza. Manyoya ya jogoo yalikuwa yanahesabika. Mjomba akasogea, akagusa kioo kwa kidole, akasema taratibu, "Kumbe inaweza."

Inaweza. Na hapo ndipo siri ya duka ilipofichuka. Wale samaki hawakutoka kwenye king'amuzi chochote. Ni video zilizotengenezwa maalumu kwa kuuzia TV, zimo kwenye flashi, na kila duka linazo: samaki, maua, matunda yanayorushiwa maji. Hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Ila mnunuzi anaonyeshwa uwezo wa kioo, halafu anaondoka akiamini ameonyeshwa chaneli zake. Ukienda kununua TV, omba wakuwekee taarifa ya habari kutoka kwenye king'amuzi. Angalia sura ya muuzaji.

Sasa tukarudi kwenye king'amuzi. Nikabonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya TV. Juu pembeni yakatokea maandishi madogo: AV, PAL. Kwa fundi hiyo ni sawa na mgonjwa kutaja ugonjwa wake mwenyewe. AV ni tundu la nyaya za zamani, na PAL ni mfumo wa rangi uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1960 kwa ajili ya TV za chogo. Mjomba ana TV ya karne hii inayolishwa chakula cha miaka ya sitini.

Nikainama nyuma ya kabati. Zilikuwepo, nyekundu, nyeupe na njano, zilezile nyaya tatu zilizokuwa zimechomekwa kwenye chogo. Binamu alipohamisha TV alizichomoa huku akazichomeka kule, rangi kwa rangi, na kwa kweli hakukosea hata moja. Tatizo ni kwamba picha yote, mwanga na rangi kwa pamoja, inapita kwenye ule waya mmoja wa njano, na waya wa njano haubebi HD. Hata king'amuzi kikipokea picha safi namna gani, lazima kiishushe hadi picha ya kawaida ndipo kiipitishe humo. Tundu la HDMI, la waya unaobeba HD, lilikuwa pembeni yake, bado limezibwa na kile kiplastiki cha kiwandani.

Inafaa kuziangalia hesabu zenyewe, maana zinaeleza mengi kuliko maneno. Picha ya kawaida ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, jumla 414,720. Kioo cha Full HD kina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Gawanya: mara tano kamili. Kila nukta moja inayoletwa lazima ifunike nafasi za nukta tano, na nne kati ya hizo TV inazibuni kwa kukisia kutokana na majirani zao. Mchuzi wa watu wawili umeletwa kwenye sinia la watu kumi. TV za bei kubwa zinakisia vizuri, za bei ya mjomba zinakisia kwa juhudi. Na kama ingekuwa 4K, yenye nukta mara nne ya Full HD, kila nukta ingetakiwa kufunika nafasi ishirini. Ndiyo maana wapo waliolipa zaidi wakapata picha iliyo mbaya zaidi kwenye chaneli zilezile.

Chogo halikuwa na tatizo hilo kwa sababu halikuwa na nukta za kudumu. Ndani yake mwale wa elektroni ulikuwa unapita mstari kwa mstari ukiwasha unga unaong'aa nyuma ya kioo, na kila mstari ulikuwa na kingo laini zinazoyeyukia kwenye jirani yake. Ulikuwa mchoro wa chaki uliopanguswa kidogo kwa kiganja. Makosa ya picha yalikuwa yanasitiriwa. Flati haisitiri kitu. Kila mraba una ukingo wake mkali, na ukileta uchafu inakuonyesha uchafu ukiwa na pembe nne. Kwa hiyo mkaza mjomba hakuwa anaota. Kwa mzigo ule, chogo kweli lilikuwa linaonyesha vizuri zaidi. Niliona ni haki nimwambie mbele ya mjomba, na nikalipia haki hiyo kwa kukosa chai ya saa nne.

Tukaenda mjini kununua waya wa HDMI. Muuzaji wa kwanza alitutolea mmoja wenye vichwa vya dhahabu, elfu themanini, akidai unaongeza rangi. Hauongezi. Ndani ya HDMI zinapita tarakimu, na kwa waya wa mita moja na nusu ama zinafika au hazifiki. Zikikosekana utaona vimulimuli vyeupe au kioo kitakuwa cheusi ghafla, wala si rangi kupauka. Tulichukua wa elfu kumi.

Nikachomeka. Nikabadilisha TV isome HDMI. Picha ikaja, na mabadiliko yalikuwa madogo ya kutia aibu. Rangi nyekundu zimeacha kuchuruzika nje ya kingo zake, herufi za chini zimetulia kidogo, basi. Mjomba akaniangalia, akaangalia waya, akasema, "Elfu kumi hiyo."

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na ndipo pointi yangu yote ilipo. Amebadilisha waya, hajaona tofauti, anatangaza kijiweni kwamba HDMI ni uongo wa wafanyabiashara. Kumbe waya alioweka ni sahihi, ila umefungua komeo la kwanza tu. Nikabonyeza tena kitufe cha taarifa. Safari hii TV ikasema 576i. Maana yake king'amuzi, kilichozoea kulisha chogo, bado kilikuwa kimepangwa kutoa picha ya kawaida, hata kupitia waya mkubwa. Nikaingia kwenye menyu yake, mipangilio, sehemu ya picha, nikakuta pameandikwa 576i na umbo la 4:3. Nikaweka 1080i, yaani HD, na 16:9. Kioo kikazima sekunde mbili, kikarudi. TV ikasema 1080i.

Na picha? Karibu ileile.

Komeo la tatu lilikuwa kidoleni mwa mjomba. Miaka yote chaneli yake ya mpira ameihifadhi kichwani kama namba; anaibonyeza gizani bila kuangalia rimoti. Namba hiyo ni ya toleo la kawaida. Toleo la HD la chaneli hiyohiyo liko mbali kwenye orodha, kwenye namba nyingine, na kwa kifurushi chake lilikuwa limefunguliwa muda wote. Alikuwa analilipia bila kuliangalia. Nikaandika ile namba mpya.

Kulikuwa na marudio ya mechi ya Jumatano. Kamera ilikuwa imemsogelea mpiga kona wa Morocco, na mjomba, ambaye hajawahi kuvutiwa na Morocco, akainuka kitini. Nyasi zilikuwa nyasi. Namba mgongoni ilisomeka, mishono ya jezi ilionekana, na nyuma ya goli ungeweza kutenganisha mtu na mtu jukwaani. Mkaza mjomba akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni nini.

Sasa mtu atauliza: kati ya yale matatu, waya, menyu na namba ya chaneli, lipi lilikuwa kosa? Yote, na ndiyo sababu kila lililojaribiwa peke yake lilionekana halisaidii. Angeanza na namba ya chaneli kabla ya waya, asingeona cha maana. Angeanza na menyu, waya wa njano ungemrudisha palepale. Picha inapita njia ndefu kutoka kamera ya uwanjani hadi jichoni, na ubora wake ni wa kile kipande chembamba kuliko vyote. Ndiyo maana mimi huanza na kile kitu kimoja ninachokijua kuwa ni kizima, kuku wa kwenye flashi, halafu narudi nyuma kipande kwa kipande nikisoma kile TV inachosema yenyewe pale pembeni. Macho yanadanganywa na matumaini. Yale maandishi madogo hayana matumaini.

Mipangilio ya TV ilikuwa kazi nyepesi, ingawa ilileta ubishi mkubwa. TV ilikuwa bado kwenye hali ya dukani. Mwanga umepandishwa hadi mwisho, rangi zimekolezwa, weupe umeelemea buluu, na ukali wa picha uko juu kabisa. Dukani kuna taa nyingi na TV ishirini zinazoshindana, kwa hiyo ni lazima ipige kelele. Sebuleni usiku kelele hizo zinaumiza. Na ule ukali, ambao kwenye menyu huandikwa "Sharpness", hauongezi chochote kilichokosekana. Unachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu ili kionekane kimekatwa kwa wembe. Kwenye picha ya kawaida ni balaa, maana unakoleza na yale makosa ya kubana picha: miraba ya kwenye nyasi, utitiri unaozunguka herufi. Niliushusha hadi chini ya nusu, nikachagua hali ya sinema. Mjomba akagoma. "Umeitia manjano." Kwa kweli ile ndiyo iliyo karibu na weupe halisi, ila jicho lililokaa siku nne na buluu haliambiliki. Tukakubaliana kwenye hali ya kawaida, na nikamwomba aiache wiki moja.

Jambo jingine dogo: tokeo la mechi kule juu pembeni lilikuwa limekatwa nusu. TV za chogo zilikuwa zinaikuza picha kidogo ili kingo zake chafu zifichwe nyuma ya fremu, na mpaka leo flati nyingi zinatoka kiwandani na tabia hiyo ya kurithi, bila sababu. Inazimwa kwenye ukubwa wa picha. Kila kampuni ina jina lake, lake yeye liliitwa "Screen Fit".

Unene wa watangazaji ulihitaji maneno zaidi. Chaneli za kawaida kadhaa bado zina vipindi vya umbo la zamani, upana sehemu nne kwa urefu sehemu tatu. Kioo kipya ni kumi na sita kwa tisa. Ukiilazimisha picha ijaze kioo, kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Kipimo changu ni saa ya ukutani au duara la katikati ya uwanja: likiwa yai, picha imevutwa. Nikairudisha kwenye umbo lake, ikabaki michirizi miwili mipana myeusi kushoto na kulia. Mjomba hakuitaka hata kidogo. Amelipia inchi 43, kwa nini aangalie 35? Nikamweleza kwamba picha ikiwa ndogo na makosa yake yanakuwa madogo, na kwamba yule mama wa taarifa ya habari anamjua, hajanenepa. Akasema afadhali anenepe. Nilimwachia. Nyumba ni yake.

Umbali ndio uliobaki. Hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipokaa kwenye kochi lile. Chogo lilikuwa na kina cha nusu mita, limejaza kabati zima hadi ukutani. TV mpya ni nyembamba, lakini binamu alikuwa ameiweka palepale kilipokuwa kioo cha zamani, ukingoni mwa kabati. Nyuma yake kukawa na uwanja mtupu uliokwisha kujaa chaja na dawa za mbu. Kutoka kochi hadi kioo, mita mbili.

Jicho zima la mtu linaweza kutenganisha vitu viwili vikiachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Ukipiga hesabu kwa hilo, mistari ya picha ya kawaida kwenye chogo la inchi 21 inaacha kuonekana ukikaa mbali zaidi ya mita 1.8 hivi. Mjomba alikuwa mita mbili, yuko salama. Picha hiyohiyo kwenye inchi 43 inahitaji ukae karibu mita 3.2 ndipo kasoro zizame. Yuko mita mbili, zote zinamtazama usoni. Lakini ukileta HD halisi kwenye kioo hichohicho, mpaka unarudi hadi mita 1.7, na kochi linakuwa mahali pake kabisa. Kochi moja, kioo kimoja: kwa chaneli moja uko karibu mno, kwa nyingine uko pazuri. Tukaisukuma TV hadi ukutani na kochi nyuma kidogo, tukapata mita 2.7. Zaidi ya hapo kuna mlango wa jikoni, na mlango huo hauwezi kujadiliwa.

Jumapili saa mbili usiku, Stars na Zambia. Sebule ilijaa, watu walikuja kuangalia TV kwanza, mpira baadaye. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga, na nyumba ikatikisika. Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko. Kisha dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa, na katika ule ukimya mjomba akasema bila kugeuka, "Sasa angalau naona vizuri tunavyofungwa."

Kwenye mechi mlango ulifunguka. Kwenye mengine, hapana, na sitaki kuficha. Chaneli ambazo kifurushi chake hakina toleo la HD zilibaki na ukungu wake, kwa kuwa mwisho wa njia, pale kituoni, ndipo zinapotoka hivyo. Kituo kinanunua nafasi kwenye mtambo, na chaneli nyingi zinagawana nafasi hiyo; kila moja inabanwa, na inayobanwa sana ndiyo inayotokwa na miraba kamera ikikimbia. Hakuna waya wala fundi wa Korogwe anayeweza kurudisha kilichotupwa huko. Filamu za Bongo za miaka ya 2000 ni vivyo hivyo: nyingi zilipigwa kwa kamera za kanda, nukta 720 kwa 576, na hata zikioneshwa leo kwenye chaneli yenye herufi HD pembeni, ni picha ya zamani imepulizwa ikawa kubwa.

Kilichonishinda kabisa kilikuja Jumatatu asubuhi, nikiwa nafunga begi. Mkaza mjomba akanijia na DVD mkononi, imefungwa kwenye kitambaa: harusi ya binti yao mkubwa, 1999, iliyopigwa kwa VHS na baadaye kuhamishiwa kwenye sahani. Alitaka kuiona kwa kioo kikubwa. VHS haifiki hata nusu ya mistari ya upana ya DVD. Sahani imetunza kwa uaminifu ukungu wa kanda, na flati ikautandaza ukungu huo kwa inchi 43. Vichwa vya watu vilipogeuka vilitoa meno ya kitana pembeni, kwa sababu kanda ilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, na TV ilikuwa inahangaika kuzisuka pamoja kama mkeka ambao kili zake hazilingani. Nikapunguza ukali hadi sifuri. Nikawasha kichuja chenga. Nikairudisha kwenye umbo lake la 4:3. Ikawa nafuu. Bado hakuweza kumtambua mama yake, ambaye alifariki mwaka uliofuata, kati ya wale bibi waliokaa mkekani.

Chogo lilikuwa stoo, chini ya magunia ya mkaa. Tulilitoa binamu na mimi, tukalifuta, tukaliweka juu ya sanduku chumbani kwa mkaza mjomba pamoja na deki ya DVD na zile nyaya tatu za rangi, ambazo nilikuwa nimezifunga nikitaka kuzitupa. Likachukua sekunde kumi kupata joto. Kisha picha ikaja, ndogo, laini, rangi zimekolea, na bibi wa tatu kutoka kushoto akageuka akacheka na mtu asiyeonekana.

"Huyo hapo," akasema. Akakaa kitandani, akaomba rimoti, akairudisha nyuma.

Mjomba alisimama mlangoni akilalamika kuhusu umeme: TV mbili, nyumba moja, mita ya luku moja. Hakuna aliyemjibu. Basi langu lilikuwa la saa nne.